Mwaka Tuliokokota Trela ya Farasi

Ahimidiwe Mungu aliyeniamsha tena leo, akanipa chai ya moto, kiti kando ya dirisha na akili ambayo bado inakumbuka majina ya watu. Sifa ni zake kwa miaka aliyonipa bila mimi kuiomba, na kwa wenzangu aliowaita kabla yangu. Nimechoka, sitaficha. Lakini ni uchovu wa mtu aliyefikishwa, wala simlalamikii aliyenifikisha.

Majuzi tulimzika Chumo, kule kwake juu ya Molo, kukiwa na baridi na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Kabla ibada haijaanza nilikuwa nimesimama langoni nikipumzisha goti, nikaona vijana wakileta viti na hema kwa pikapu iliyokokota trela ndogo. Walikuwa wamepakia vyuma vyote vya hema nyuma kabisa, kwenye mkia. Pikapu ilipoanza kuteremka kuelekea boma, ile trela ikaanza kwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mbwa anayetikisa mkia. Nikainua fimbo, nikapiga kelele: "Songesheni vyuma mbele! Mbele, karibu na gari!" Kijana mmoja akatoa kichwa dirishani akacheka. "Mzee, tulia. Hiyo tumezoea." Walifika salama, Mungu alikuwa na huruma. Lakini nilitokwa na machozi wakati wote wa mahubiri, na mjane wa Chumo akanishika bega akidhani namlilia mumewe. Nilikuwa namlilia, ndiyo. Ila nilikuwa namlilia Chumo wa zamani, aliyesimama gizani ndani ya sanduku la mbao pamoja na farasi, nyuma ya gari nililoendesha mimi.

Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, serikali ya Wazungu ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni. Nilikuwa dereva kwenye shamba la mjane mmoja Mzungu, upande wa Subukia, na Chumo alikuwa saisi, mtunza farasi wake. Tuliishi chumba kimoja, ubavuni mwa banda la farasi. Ukuta uliotutenga nao ulikuwa wa mbao zilizopishana, hata farasi akipiga chafya tulihisi upepo wake. Chumba kilinuka ngozi, mafuta ya taa na majani makavu. Chumo alikuwa na kibuyu chake cha maziwa ya kugandishwa, yale ya kwao yanayotiwa unga wa mkaa, na mimi nilikuwa na sufuria ya ugali. Tulichanganya vitu vyetu hivyo viwili tukaviita chakula. Mimi niliomba kabla ya kula, naye alingoja, lakini hakungoja kimya.

"Filemoni, wewe unaomba mpaka ugali inashika baridi."

"Namshukuru Mungu kwa ugali."

"Mshukuru ukiwa umeshiba. Atasikia vizuri."

Farasi aliyetuweka pale alikuwa jike mwekundu, mwenye kasi na woga. Memsabu, yule mjane, alimpa jina refu la Kizungu. Chumo alimwita Cherono, na farasi aliitikia jina la Chumo. Alikuwa akikimbizwa kwenye mashindano Nakuru, na zamani alipelekwa kwa miguu, Chumo akimwongoza njia nzima, wakalala njiani. Hali ya hatari ilipokuja, kutembea barabarani kukawa jambo la vibali na maswali, na Memsabu akaamua kununua trela.

Siku ya kuichagua alituchukua wote wawili. Tulikwenda kwanza Njoro, kwa Mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake ili ahame. Trela yake ilikuwa nzuri ajabu, ya kijani, imechorwa mstari mweupe, na Chumo aliizunguka akitabasamu kama mtu anayetazama bibi harusi. Memsabu hakuitazama ubavu. Aliingia ndani, akafunua mkeka wa mpira, akatoa kisu mfukoni na kukichoma kwenye ubao wa sakafu. Kisu kikazama hadi mpini. Mkojo wa farasi ulikuwa umekula ubao miaka mingi, na rangi iking'aa nje. Akatoka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi hapana nunua rangi," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nanunua chini."

Sikusahau neno hilo. Baadaye, nilipofika umri wa kufundisha Biblia kanisani, nilifikiri mara nyingi juu ya mwanamke yule aliyepiga magoti kwenye samadi kavu akitafuta mahali panapooza. Wakati ule nilifikiri tu kwamba ni msumbufu. Jioni tulirudi Nakuru, kwa fundi Kalasinga aliyekuwa na karakana karibu na reli, na huko Memsabu akaonyeshwa trela nyingine, fupi, pana, yenye kutu pembeni, isiyo na uzuri wowote. Kisu hakikuingia. Akamwambia Chumo aruke juu ya sakafu, na Chumo akaruka huku akitazama dari, kwa sababu pia alitaka kujua kama kichwa cha Cherono kitapata nafasi. Memsabu akakagua tairi kama zimepasuka kwa jua. Akalala chini kutazama springi. Akanifundisha mimi namna kile kikombe cha chuma cha trela kinavyokaa juu ya gololi kubwa iliyo nyuma ya Lendirova, gari nililoendesha: kikombe na gololi lazima viwe vya saizi moja, vikipishana kidogo tu trela itaruka kwenye shimo moja na kubaki nyuma. Kisha mnyororo wa kuishika kama kikombe kikitoka. Kisha breki. Fundi alisimama kando na kikombe cha chai akisema, "Memsab, wewe ungeoa hii trela," naye hakucheka.

Alitufundisha na kupakia. Ilikuwa trela ya farasi wawili, na sisi tulikuwa na mmoja, kwa hiyo Cherono alipaswa kusimama upande wa kulia, kwa sababu barabara zetu ni za mgongo, zinainama kushoto kuelekea mtaro, na mzito akikaa upande wa mtaro atavuta kila kitu huko. Kichwa mbele, ubao wa katikati ubavuni, kamba isiwe ndefu ya kumfunga mguu wala fupi ya kumnyonga. Yote haya tuliyashika. Jambo moja tu Memsabu hakulipenda na hakuweza kulibadilisha: Cherono hakukubali kukaa ndani peke yake. Alipofungiwa alipiga mateke mpaka mbao zikalia. Chumo akaingia upande ule mtupu, akasimama karibu na kichwa chake, akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini, na farasi akatulia. Basi ikawa hivyo. Masaisi wengi walisafiri hivyo siku zile, hakuna aliyeona ajabu. Mimi ndiye niliyeona.

"Njoo ukae mbele," nilimwambia kila safari. "Farasi ni mnyama, atazoea."

"Na wewe ni Mluhya, umezoea nini? Chumvi tu ikiisha unalia."

"Trela ikianguka, Chumo, yule mnyama atakuangukia."

"Basi endesha isianguke, bwana dereva. Si unalishwa kwa hiyo?"

Nikawa naendesha nikisikiliza. Hilo ndilo nakumbuka zaidi kwa mwaka ule: kusikiliza. Mwenye kuendesha gari tupu husikiliza injini. Mimi nilisikiliza nyuma. Nilijifunza kufunga breki mapema na taratibu, kukata kona kama mtu aliyebeba beseni la maji, kushika gia ndogo kabla ya mteremko na si katikati yake. Nilifika Nakuru mabega yakiwa kama mawe, wakati Memsabu, aliyetangulia kwa gari lake dogo, ameshakunywa chai yake. Kwa miezi kadhaa trela ilinifuata vizuri, kama mtu mzima anayekufuata nyuma bila kukuvuta nguo. Kisha, mvua zilipopita na watu kuanza kuchimba viazi, ikabadilika. Nikipandisha kutoka bondeni nilihisi Lendirova nyepesi nyuma, kama kuna mkono unaiinua. Nikiteremka upande wa Bahati, trela ilianza kutikisa mkia. Nilikagua kikombe na gololi. Nilikagua tairi. Nilimwambia Memsabu, naye akakagua, trela ikiwa tupu uani, wala hakuona kitu.

Wakati huohuo nilianza kusikia sauti nyingine kupitia ukuta wa mbao. Alasiri, nikiwa nimejilaza, nilisikia sauti ya mwanamke ikinong'ona kule bandani na Chumo akimjibu. Ilikuwa sauti ya Mama Njeri, aliyefanya kazi ya kukamua ng'ombe. Mume wake alikuwa amechukuliwa na serikali, hakujua aliko. Watoto wake walikuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwa dada yake, na yeye alikatazwa kutoka shambani kwenda kuwaona, kama Wakikuyu wengine wote. Nilisikia maneno vipande vipande. "Jumamosi." "Asijue." "Nitakuja saa ile anaenda kuoga." Nami, Mungu anisamehe nikicheka sasa, nikadhani ni mapenzi. Nilimwombea Chumo kwa juhudi kubwa kila jioni, kwa sauti ili asikie, nikisoma mahali panapozungumzia kuikimbia zinaa.

"Filemoni," aliniuliza siku moja kijiko kikiwa mdomoni, "hii zinaa inakusumbua sana siku hizi. Ni nani huyo?"

"Ni wewe ninayekuombea."

Akanitazama, akacheka mpaka akakohoa maziwa. "Omba," akasema. "Omba tu, ndugu yangu. Isiishe."

Ile Jumamosi niliamka nikiwa nimechoka kabla ya kazi. Tulipanda kutoka Subukia polepole kwenda mashindanoni, Lendirova ikilalamika, na juu ya ukingo nikasimama kama kawaida kukagua mnyororo. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikagonga ubavu wa trela. "Chumo, tuko sawa?" "Twende." Tukaanza kuteremka. Barabara ilikuwa ya murram, changarawe nyekundu, imekauka, ina matuta madogo kama mbao za kufulia. Nilikuwa nimeshika gia ndogo, na bado trela ikaanza: kwanza kidogo, kisha ikavuta nyuma ya Lendirova kushoto, ikairudisha kulia, ikavuta tena kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo niliiona yote, inatokea upande huu, inapotea, inatokea ule. Mguu wangu ulitaka kukanyaga breki kwa nguvu zote. Mungu aliuzuia, maana ningeikanyaga, trela ingekunjika na kutupindua. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani umenyooka, sikujaribu kupigana nayo, nikaita jina la Bwana kwa sauti ambayo sikuitambua. Mbele kulikuwa na kipande kifupi cha barabara kinachopanda kabla ya msitu. Tulikifikia. Gari likapunguza, trela ikatikisika mara ya mwisho, ikafuata. Nikasimama.

Nikashuka, nikakimbia hadi kwenye trela. Nikafungua mlango mdogo wa pembeni.

"Chumo! Uko mzima?"

"Mimi niko. Mkono ndio haiko."

Alikuwa ameegemea ukuta, uso rangi ya majivu. Ubao wa katikati ulikuwa umechomoka, na Cherono alikuwa amembana nao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Farasi alisimama akitetemeka, goti linavuja damu, na chini ya kwato zake, katikati ya majani makavu yaliyotawanyika, kulikuwa na viazi. Viazi vingi. Nikatazama mlango wa nyuma. Majani yaliyorundikwa pale yalikuwa yameporomoka, na chini yake niliona magunia mawili yamelala, moja limepasuka, na kando yake vifurushi vya mahindi na maharagwe vilivyofungwa kwa vitambaa.

"Hii ni nini?"

"Ni viazi."

"Naona ni viazi, Chumo! Ya nani?"

"Ya watoto ya Mama Njeri. Na hiyo mahindi ni ya mama wengine." Alifumba macho. "Askari wa kizuizi hawezi kutia mkono nyuma ya matako ya Cherono. Anapiga teke. Mahali hiyo ndiyo salama."

Ndipo nikaelewa miezi yote ile. Siku zile kubeba chakula kupita kizuizi lilikuwa kosa kubwa; walisema kinapelekwa kwa watu wa msituni. Kwa hiyo wanawake walileta kidogo, kisha kingi, naye Chumo, asiyeweza kumkatalia mama wa watoto, alikificha mahali ambapo askari hawatafika, kwenye mkia kabisa wa trela, nyuma ya magurudumu. Uzito ule ulikuwa ukiinua pua ya trela na kuifanya icheze. Yeye mwenyewe alikuwa akisimama ndani yake, akiimba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeulizwa, ungesema. Wewe uso yako inasema ukweli kabla mdomo haijafunguka."

Ilikuwa kweli. Nilimtoa nje, nikaufunga mkono wake na kijiti na zile bendeji nyekundu za miguu ya farasi, naye akauma mkanda wa ngozi asipige kelele. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya Lendirova. Kizuizi kilikuwa mbele, mwisho wa msitu.

"Rudisha magunia nyuma, ufunike, uendeshe polepole," Chumo akasema.

"Mteremko haujaisha. Vikikaa nyuma, trela itaanguka na wewe ndani."

"Basi tupa kwa msitu."

"Watoto?"

Kwenye msitu pia kuna macho, na chakula kilichotupwa msituni wakati ule kingempeleka mtu kitanzini. Niliomba. Sikusikia sauti yoyote. Nilisikia tu Cherono akipumua, na nikajiona nimechoka, nimechoka kusikiliza, nimechoka kuogopa mkia wa trela na bunduki ya askari na uso wangu mwenyewe. Nikainuka, nikabeba gunia zima mgongoni, nikaliweka mbele ndani ya Lendirova, kwenye kiti, kando ya mahali pangu. Nikaokota viazi vilivyomwagika, nikavirudisha kwenye lile gunia lililopasuka, nikaliweka hapo hapo. Na vifurushi vyote. Chumo alikuwa akinitazama.

"Wataona."

"Waone."

Chumo akarudi ndani ya trela kumtuliza Cherono, tukateremka taratibu. Kizuizini alitoka sajenti mrefu aliyenijua kwa sura. Akaegemea dirisha, akatazama kiti.

"Dereva. Hii ni nini?"

"Viazi, afande. Na mahindi na maharagwe."

"Unapeleka wapi?"

"Bondeni, kwa watoto ambao mama yao yuko shambani kwetu."

"Unajua chakula inakamatwa?"

"Najua."

"Basi wewe ni mjinga. Kwa nini umeweka hapa mbele, kama mkeo?"

"Ilikuwa nyuma, afande. Nyuma imemvunja mtu."

Akaenda kwenye trela akafungua mlango mdogo. Nilimsikia akizungumza na Chumo kwa lugha yao, maana walikuwa wa kabila moja, maneno machache, kisha mengi. Sijui mpaka leo walisema nini; Chumo hakutaka kunieleza, hata uzeeni. Sajenti akarudi akiwa amekunja uso. Akaamuru lile gunia zima lishushwe, na vifurushi vyote, na askari wake wakavibeba ndani ya kibanda. Gunia lililopasuka akaliacha.

"Peleka mtu hospitali," akasema. "Na nikikuona tena na kitu, nakufunga."

Hatukwenda hospitali kwanza. Chumo alikataa. Tulipita Bondeni, mwendo wa mtu anayetembea, na msichana mkubwa wa Mama Njeri akatoka akakumbatia lile gunia bovu kama mtoto mchanga, viazi vikidondoka miguuni pake. Alitazama bendeji zile nyekundu. Alisema tu, "Mama yuko?" Nikasema, "Yuko. Ni mzima." Akaingia ndani haraka ili tusimwone uso.

Memsabu alikuwa ameshika saa mkononi tulipofika uwanja wa mashindano. Cherono hangekimbia siku ile wala siku nyingi baadaye. Nilimweleza yote, kwa sababu sijui kueleza nusu. Akawa mwekundu.

"Wewe nataka mimi nafungwa? Nataka shamba yangu nachukuliwa?"

"Hapana, Memsabu."

"Gunia ilikuwa wapi?"

"Nyuma. Kwenye mlango."

"Ngapi?"

"Mawili. Na vifurushi."

Yeye, aliyejua trela, alielewa. Alifunika mdomo kwa mkono, akaenda kusimama upande wa pili wa trela, na alikaa huko muda mrefu ameweka paji la uso kwenye ubavu wenye kutu. Sijui alikuwa akimfikiria farasi au mtu. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka kama mimi.

"Chumo hapana ingia ndani tena. Hata farasi nakufa, hapana. Chakula naweka mbele, mimi nasema na polisi." Kisha akaongeza, "Moja gunia. Gari hapana soko."

Sijui alisema nini na polisi, na haikuwa rahisi. Mara nyingine tulipitishwa, mara nyingine tulinyang'anywa. Lakini mwaka ule ulipokuwa unaisha, goti la Cherono likiwa limepona, tulipanda tena kutoka Subukia. Farasi alikuwa peke yake nyuma, upande wa kulia, na wavu wa majani mbele ya pua yake. Mbele tulikuwa mimi na Chumo, mkono wake ukiwa kwenye plasta, na viazi vya Mama Njeri katikati yetu. Cherono alipiga mateke na kulia tangu langoni. Kila teke Chumo aliruka kama amepigwa yeye. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti, magoti juu ya gunia, akitazama kioo cha nyuma, akimwimbia farasi asiyeweza kumsikia. Nilimwambia avumilie. Akaniambia ninyamaze niendeshe.

Tulipofika ukingoni, mateke yakapungua. Kisha yakaisha. Trela ilitufuata imenyooka, nzito, tulivu. Chumo aliendelea kutazama nyuma, machozi yakimteremka bila yeye kuyafuta, na nikaona alikuwa amefadhaika zaidi farasi alipotulia bila yeye kuliko alipopiga mateke.

"Amenyamaza," akasema.

"Amechoka."

"Atafika?"

"Atafika, Chumo. Na wewe utafika."

Akageuka, akakaa vizuri, akatazama barabara iliyo mbele kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Na wewe unayesoma, ndugu yangu au binti yangu, Mungu auweke mzigo wako pale unapoweza kuuvuta bila kuangamia. Akupe sakafu isiyooza chini ya miguu yako, mguu mwepesi kwenye mteremko, na mtu wa kuketi kando yako. Akufikishe. Amina.